Herufi Inayomezwa na Kioo: Uhakiki wa Miongozo ya Mpangilio wa Skrini zenye Kamera Iliyofichwa kwa Mtazamo wa Lugha za Kampala

Ikisiri

Makala haya yanahakiki miongozo ambayo watengenezaji wa mifumo ya simu huwapa waundaji wa programu kuhusu namna ya kupanga maandishi na vitufe kuzunguka kamera ya mbele, iwe imewekwa ndani ya pengo, ndani ya tundu, au imefichwa chini ya kioo chenyewe. Hoja kuu ni kwamba miongozo hiyo huyachukulia maandishi kuwa kitu cha kujaza nafasi iliyobaki, bila kujali kwamba katika lugha za Kibantu mwanzo na mwisho wa neno hubeba maana ambayo Kiingereza hukiwekea neno la peke yake. Kwa kutumia mifano ya Kiswahili na Kiganda, lugha zinazokutana kila siku jijini Kampala, makala yanaonyesha kwamba herufi moja ikifichika ahadi inaweza kugeuka kuwa deni. Aidha, yanachunguza utata wa istilahi "chini ya skrini" na kupendekeza hatua ambazo vyombo vya lugha na vya mawasiliano vya Uganda vinaweza kuzichukua.

Maneno makuu: mpangilio wa skrini, kamera iliyofichwa, kikanushi, istilahi, sera ya lugha, Uganda

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia ya habari na mawasiliano umejikita kwa muda mrefu katika istilahi. Mwaka 2004 mradi wa programu huria uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na tangu wakati huo swali lililotawala makongamano limekuwa lile la neno gani lisimame mahali pa neno gani: skrini au kiwambo, kompyuta au tarakilishi, simu ya mkononi au rununu. Swali hilo ni halali, lakini si la pekee. Neno likishapatikana na kusanifishwa, bado linapaswa kukaa mahali fulani juu ya kioo chenye upana wa sentimita saba, na mahali hapo huamuliwa na mtu ambaye mara nyingi hajui neno hilo linaanza kumaanisha wapi na linamaliza kumaanisha wapi.

Kwa Uganda swali hili lina uzito wa kisera. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira yatakayoainishwa na Bunge kwa sheria. Septemba 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili, na Julai 2022 likaridhia agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukitumia Kiswahili kama lugha rasmi ya Jumuiya. Mwaka uliofuata Kampala ilikuwa mwenyeji wa maadhimisho ya Jumuiya ya Siku ya Kiswahili Duniani. Iwapo maamuzi hayo yatatekelezwa, huduma za umma na za fedha zitahitaji sura za Kiswahili katika simu, na ubora wa sura hizo utategemea mambo ambayo kamusi haziyagusi.

Makala yamejikita katika uchambuzi wa matini za miongozo yenyewe na wa muundo wa maneno. Mifano ya sentensi iliyotumika imeundwa kwa ajili ya uchambuzi, nayo haitokani na programu ya kampuni yoyote mahususi.

2.0 Usuli: Kutoka Pengo hadi Kamera Isiyoonekana

Hadi mwaka 2017 kamera ya mbele ilikuwa na makao yake juu ya kioo, katika ukanda mweusi ambao maandishi hayakufika. Mwaka huo iPhone X ilipanua kioo hadi ukingoni na kuiachia kamera pengo lililokatwa sehemu ya juu. Mwaka 2018 toleo la 9 la Android lilitambua rasmi vioo vya namna hiyo: programu iliweza kuuliza mfumo pengo liko wapi na lina ukubwa gani, kisha kuchagua iwapo maandishi yake yaingie katika eneo hilo au yalikwepe. Baadaye pengo lilipungua likawa tone, na tone likawa tundu. Leo tone na tundu vinapatikana hata katika simu za bei nafuu za Tecno, Infinix na itel ambazo zimejaa katika maduka ya katikati ya jiji la Kampala.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuificha kamera kabisa. ZTE Axon 20 5G ya mwaka 2020 ndiyo simu ya kwanza kuuzwa kwa wingi ikiwa na kamera chini ya kioo. Agosti 2021 Samsung walifuata na Galaxy Z Fold3, na Xiaomi wakatoa Mix 4. Utaratibu wake ni huu: kipande kidogo cha kioo kilicho juu ya kamera huruhusu mwanga kupita katikati ya pikseli. Katika Fold3 hilo lilifanyika kwa kupunguza idadi ya pikseli katika kipande hicho, hivyo jicho makini liliona kiraka chenye chembe kubwa kuliko sehemu nyingine. Xiaomi walidumisha msongamano wa pikseli 400 kwa inchi kwa kupunguza ukubwa wa kila pikseli. Katika hali zote mbili mwanga unaofika kwenye kamera ni hafifu, na picha husafishwa na programu baada ya kupigwa.

Tofauti ya msingi kati ya tundu na kamera iliyofichwa ni ya taarifa zaidi kuliko ya umbo. Tundu hutangazwa: mfumo huiambia programu kwamba hapa hapana kioo. Kamera iliyofichwa, kwa kuwa kioo juu yake kinawaka, inaweza isitangazwe. Mfumo huripoti kile ambacho mtengenezaji wa simu amekitangaza, na mtengenezaji anayeuza kioo kwa sifa ya kutokuwa na dosari hana hamu ya kuitangaza dosari. Hapo programu huamini kwamba ina uwanja mzima, na huandika popote.

3.0 Uhakiki wa Miongozo

Miongozo ya Android na ya Apple inastahili kusifiwa kwa jambo moja: inamtaka muundaji aweke maandishi muhimu na vitufe ndani ya eneo salama, yaani sehemu ya kioo isiyoguswa na tundu, pembe za mviringo, wala mistari ya mfumo. Kasoro iko katika dhana iliyojificha nyuma ya ushauri huo. Miongozo huyaona maandishi kama mstatili. Mstatili ukitosha, kazi imekwisha. Usipotosha, upunguzwe na kumaliziwa kwa nukta tatu. Hakuna mahali ambapo muundaji anaulizwa ni sehemu gani ya neno ambayo msomaji hawezi kuikosa.

3.1 Mwanzo wa Neno

Katika Kiingereza ukanushi kwa kawaida hubebwa na neno linalojitegemea, nalo hukaa ndani ya sentensi, mbali na ukingo wa kushoto. Katika Kiswahili kikanushi ni kiambishi awali, tena mara nyingi ndicho sauti ya kwanza kabisa ya sentensi. Tazama jozi zifuatazo:

(a) Hutatozwa ada. / Utatozwa ada.
(b) Haitatumwa leo. / Itatumwa leo.

Katika (a) tofauti kati ya huduma ya bure na huduma ya kulipia ni herufi moja, H. Katika (b) ni herufi mbili, Ha. Kinachobaki baada ya herufi hizo kufichika si neno lililoharibika ambalo msomaji angelitilia shaka. Ni sentensi sahihi, yenye maana kamili, iliyo kinyume cha ile iliyoandikwa. Dalili pekee ni kukosekana kwa herufi kubwa mwanzoni, dalili ambayo msomaji mwenye haraka hawezi kutegemewa kuiona.

Kiganda kina tabia hiyo hiyo. "Tojja kusasula" ni ahadi kwamba hutalipa. "Ojja kusasula" ni taarifa kwamba utalipa. Kwa hiyo hoja hii haihusu Kiswahili peke yake. Inahusu familia ya lugha ambazo wakazi wengi wa Kampala huzitumia sokoni, kwenye bodaboda na nyumbani.

Je, herufi hiyo inaweza kufichika kweli? Simu ikishikwa wima, mstari wa saa na betri kwa kawaida huikinga programu dhidi ya tundu. Hatari huja simu inapolazwa, kwa kuwa tundu huhamia kushoto au kulia, mahali ambapo mistari huanzia au kuishia. Zamani chaguo la kawaida la Android lilikuwa kuacha ukanda mweusi upande huo. Tangu toleo la 15 la mwaka 2024, programu inayolenga toleo hilo hupanuliwa hadi ukingoni bila kuomba, pamoja na eneo la tundu, na ni wajibu wa muundaji kurudisha maandishi ndani. Yaani ulinzi uliokuwa wa mfumo sasa umekuwa wa mtu mmoja mmoja. Palipo na kamera iliyofichwa na isiyotangazwa, hata muundaji mwangalifu hana cha kukwepa: herufi haifutiki, lakini huchorwa juu ya kiraka chenye pikseli chache, na chini ya jua kali mchoro mwembamba hufifia kwanza.

3.2 Mwisho wa Neno

Upande wa pili wa neno una udhaifu wake. Kauli za vitenzi vya Kiswahili hujitokeza katika viambishi tamati, na ukataji wa maandishi huanzia huko. Chukua utatu huu:

(c) Umetuma 50,000.
(d) Umetumia 50,000.
(e) Umetumiwa 50,000.

Katika (c) fedha zimetoka kwa msomaji kwenda kwa mtu mwingine. Katika (d) zimetumika. Katika (e) zimeingia. Ufinyu wa nafasi ukiwa umeifanya arifa isomeke "Umetum…", msomaji hajui iwapo ametajirika au amefilisika. Ikisomeka "Umetumi…", bado hajui. Jambo hili linazidi kuwa la kawaida kwa sababu tundu lenyewe limegeuzwa kuwa uwanja wa arifa. Apple walianza na iPhone 14 Pro mwaka 2022, na kuanzia mwaka 2023 Tecno na Infinix walileta ukanda wa namna hiyo katika simu za bei ya chini. Ukanda unaozunguka kamera ni mfupi kuliko mstari wowote mwingine wa kioo, nao ndio umekabidhiwa habari za haraka.

Inafaa kukumbuka kwamba ufinyu wenyewe si mgeni. Huduma ya fedha ya MTN ilipoanza Uganda mwaka 2009, ilitegemea menyu za namba za mkato ambazo ujumbe wake mmoja hauzidi herufi 182. Ufinyu huo, hata hivyo, ulikuwa wazi: mwandishi wa menyu alijua kikomo chake, na herufi zote zilizoingia zilionekana. Ufinyu wa kioo cha kisasa hubadilika kutoka simu hadi simu, na mwandishi wa maneno hauoni.

3.3 Majaribio ya Lugha Bandia

Huenda ikadaiwa kwamba tatizo hili lilishashughulikiwa. Android ina lugha bandia mbili za majaribio: moja hurefusha maandishi ya Kiingereza na kuyawekea alama juu ya herufi, nyingine hugeuza mwelekeo wa uandishi. Muundaji akizitumia, huona mapema mahali ambapo tafsiri itabanwa.

Majaribio hayo yana manufaa, lakini hupima urefu na mwelekeo tu. Tena, dhana kwamba Kiswahili ni kirefu siku zote si ya kweli. "Arifa" ina herufi tano wakati mwenzake wa Kiingereza ana 13; "tuma" inalingana na mwenzake; "mipangilio" imezidi kwa herufi mbili. Programu inaweza kufaulu jaribio la urefu kwa alama zote na bado ikameza H ya "hutatozwa". Kinachokosekana ni jaribio la maana: orodha ya jozi kama (a) hadi (e), inayowekwa kwenye kila mpangilio, wima na kulala, kisha msomaji anaulizwa ameelewa nini.

4.0 "Chini ya Skrini" ni Wapi?

Kamera isiyoonekana inaleta pia tatizo la maelekezo. Programu zinazothibitisha utambulisho kwa picha ya uso humtaka mtumiaji atazame kamera. Palipo na tundu, jicho hujua pa kwenda. Palipofichwa kamera, maelekezo ya lugha ndiyo yanayobaki.

Tafsiri iliyo rahisi kumjia mfasiri ni "kamera iliyo chini ya skrini". Tafsiri hiyo ni sahihi kisarufi na inapotosha kimatumizi. Katika Kiswahili "chini ya" hutaja kitu kilichofunikwa na kingine, lakini pia hutaja sehemu ya upande wa chini. Mtu aliyezoea kuambiwa "bonyeza kitufe kilicho chini ya skrini" atapeleka macho kwenye ukingo wa chini wa simu, wakati kamera iko juu. "Nyuma ya kioo" nayo haifai, kwa kuwa "kamera ya nyuma" tayari ni jina la kamera nyingine kabisa. "Kamera fiche" ina dosari ya tatu: humfanya msikilizaji afikirie upelelezi.

Kiswahili hakijapungukiwa na nyenzo za kutatua jambo hili. Mfumo wake wa mahali hutofautisha po ya mahali panapojulikana, ko ya mahali pasipo dhahiri, na mo ya ndani. "Tazama ilipo kamera" hudai kwamba msomaji anapajua mahali. Kwa kamera isiyoonekana dai hilo ni la uongo. "Kamera imo ndani ya kioo, upande wa juu, tazama penye duara" hutaja undani wake, upande wake, na alama ambayo programu inapaswa kuichora ili ionekane. Hapa lugha na mchoro haviwezi kutenganishwa: sentensi nzuri inaidai programu ichore duara, na bila duara sentensi inabaki nusu. Kwa jina la jumla, "kamera ya ndani ya kioo" linapendekezwa, kwa kuwa "kioo" ndilo neno ambalo watumiaji na mafundi wa simu wanalitamka, na linaeleweka pia na wanaosema "skrini" au "kiwambo".

Suala la ridhaa linaambatana na hili. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya mwenye data na maelezo ya kusudi la ukusanyaji. Maelezo yanayompeleka mtu kutazama ukingo wa chini huku kamera ikimtazama kutoka juu hayawezi kuitwa maelezo yaliyoeleweka.

5.0 Hoja Pinzani

Hoja ya kwanza inayoweza kutolewa ni kwamba simu zenye kamera iliyofichwa ni chache na ghali, na wakazi wa Kampala wanaozimiliki ni wachache zaidi. Isitoshe, mwaka 2025 Samsung waliachana na kamera hiyo na kurudi kwenye tundu katika Galaxy Z Fold7. Kwa nini basi kupoteza muda wa watunga sera kwa teknolojia inayorudi nyuma?

Jibu ni kwamba kamera iliyofichwa ni mfano uliokithiri wa jambo lililo pana. Mwelekeo wa kupanua maandishi hadi ukingoni haurudi nyuma. Toleo la 15 la Android limeufanya kuwa kawaida. Kinachoonekana kwa ukali katika simu ya bei kubwa kinatokea kwa upole katika simu yenye tone ya bei nafuu. Aidha, teknolojia za kioo hushuka bei haraka: leo tundu lenyewe linapatikana hata katika simu za bei nafuu.

Hoja ya pili ni kwamba mfasiri mzuri atakwepa hatari kwa kuandika "Huduma hii ni bure" badala ya "Hutatozwa ada". Ni kweli, na ni ushauri mwema. Lakini ushauri huo unaihamishia lugha mzigo wa kioo. Kiswahili kitaombwa kiache ukanushi wake mwanzoni mwa mstari na kauli yake ya kutendwa mwishoni, ili mpangilio uliobuniwa kwa lugha nyingine ubaki salama. Mfasiri anaweza kusaidia. Hawezi kuwa ndiye kinga pekee.

6.0 Athari kwa Sera

Wanaoathirika kwanza si wale wanaobadilisha lugha ya simu kwa udadisi. Kampala ina wasomaji ambao Kiswahili ndicho daraja lao, wakiwamo Wakongomani wanaoishi Katwe, Nsambya na Makindye, na wafanyabiashara wanaovuka mipaka ya Kenya na Tanzania. Kwao Kiingereza si njia ya kurudia kusoma pale Kiswahili kinapokatika. Katika hali hii makala yanapendekeza hatua nne.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, kwa kushirikiana na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama, iandae orodha fupi ya jozi za majaribio ya maana, itakayotolewa bure kwa waundaji wa programu. Orodha ya jozi 50 ingetosha kuanzia.

Pili, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ambayo huidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano vinavyoingia nchini, izingatie kumtaka mtengenezaji atangaze katika mfumo eneo lolote la kioo lenye ubora pungufu wa kuonyesha maandishi, hata kama halionekani kwa macho kuwa tundu.

Tatu, taasisi za umma zinaponunua programu, mkataba udai kwamba ujumbe wa fedha na wa ridhaa usikatwe kwa nukta tatu katika lugha yoyote rasmi.

Nne, vyuo vikuu vinavyofundisha Kiswahili na vile vinavyofundisha uundaji wa programu viache kufanya kazi kwa zamu, mmoja akimaliza ndipo mwingine aitwe. Makerere ina fani zote mbili katika chuo kimoja. Mwanafunzi wa mofolojia na mwanafunzi wa kompyuta wanaweza kukaa mbele ya kioo kimoja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba miongozo ya mpangilio wa skrini, ingawa inajinasibu kutopendelea lugha yoyote, imejengwa juu ya lugha ambayo kingo za maneno yake hazibebi mzigo mkubwa. Kiswahili na Kiganda hubeba ukanushi mwanzoni, na vitenzi vyake hubainisha mtenda na mtendwa mwishoni. Kamera, pembe za mviringo na nukta tatu hushambulia hasa sehemu hizo mbili. Vilevile imedhihirika kwamba istilahi iliyo sahihi katika kamusi inaweza kumpotosha mtumiaji ikikosa kuzingatia macho yake yanaelekea wapi.

Kazi inayobaki ni ya upimaji. Jozi zilizotolewa hapa zinahitaji kuwekwa mbele ya wasomaji halisi wa Kampala, katika simu wanazozimiliki, mchana wa jua, ili ijulikane ni herufi zipi hasa zinazopotea na kwa kiasi gani. Hadi hapo, taasisi inayoandaa huduma ya Kiswahili inaweza kuanza na swali moja lisilohitaji fedha: je, H ya "hutatozwa" inaonekana?